Sala Isiyokoma Katika Mapambano ya Kiroho

Mtume Paulo, katika barua yake ya kwanza kwa Wathesalonike, anawaagiza waamini wasiache kusali (1Thes 5:17). Ni agizo fupi, na kwa sababu ya ufupi wake huwa tunalipita haraka. Lakini mkulima aliyeingia shambani tangu alfajiri, mama mwenye watoto wanne na genge la kuuza mboga, muuguzi aliye katika zamu ya usiku, watalitimizaje? Bwana wetu alisimulia habari za mjane aliyemsumbua hakimu dhalimu ili wanafunzi wajue kwamba kusali hakuna likizo (Lk 18:1-8). Usiku wa mateso yake aliwasihi wakeshe na kusali, wasije wakaangushwa na kishawishi (Mt 26:41). Naye Paulo, baada ya kuwavika Waefeso silaha za Mungu, ngao, chapeo na upanga, anamalizia kwa kuwataka wasali kila wakati katika Roho (Efe 6:18). Yaonekana basi kwamba katika Maandiko agizo hili hutolewa kwa watu walio vitani.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa na Mtakatifu Yohane Paulo II mwaka 1992, inalichukua jambo hili kwa uzito huo huo. Sehemu yake ya nne yote ni juu ya sala, na humo mna mafundisho marefu kuhusu mapambano ya sala (na. 2725-2745). Tunapambana na nafsi zetu wenyewe, na tunapambana na hila za mshawishi ambaye hufanya kila awezalo kumtenga mwanadamu na Mungu wake. Katika namba 2742 Kanisa linaazima neno la Evagrio wa Ponto, mmonaki wa karne ya nne aliyemalizia maisha yake katika jangwa la Misri. Yeye alitambua kwamba hakuna mahali tulipoamriwa kufanya kazi, kukesha au kufunga muda wote. Lakini kusali muda wote tumeamriwa.

Kwa kuwa Evagrio ametufikisha Misri, tubaki huko kidogo. Waamini wetu wengi wanadhani kwamba mafundisho ya kina juu ya sala yalitoka Ulaya. Walimu wa kwanza wa sala isiyokoma waliishi katika bara letu, wakila mkate mkavu na kusokota kamba kwa mikono yao.

Wamonaki waliokataa kufanya kazi

Katika misemo ya Mababa wa Jangwani mna kisa cha Abba Lusio, aliyeishi Enaton, karibu na mji wa Aleksandria. Siku moja walimjia wamonaki wa kundi lililojiita la wasalio. Akawauliza wanafanya kazi gani. Wakajibu kwamba hawagusi kazi ya mikono, kwa maana wanatii agizo la Mtume la kusali bila kuacha. Mzee akawauliza kama wanakula. Wakakubali. Akawauliza kama wanalala. Wakakubali pia. Basi, mnapokula na kulala, akasema, ni nani asaliye kwa ajili yenu? Hawakuwa na jibu.

Ndipo akawaeleza mwenendo wake. Huketi na Mungu, huloweka matete yake na kusokota kamba, huku akirudia ombi la huruma linalofungua Zaburi ya 51. Jioni huwa amepata sarafu kama 16. Sarafu 2 huziweka nje ya mlango kwa ajili ya maskini, na zinazobaki hununulia chakula. Yule anayeziokota zile mbili humwombea Lusio wakati Lusio anakula na wakati amelala. Hivyo, kwa neema ya Mungu, sala yake haikatiki.

Mimi hukipenda kisa hiki kuliko vitabu vingi nilivyosomeshwa seminarini juu ya somo hili. Kazi, sala fupi na sadaka vimesukwa pamoja kama nyuzi za kamba ile ile. Kundi lile lenyewe lilikuwa hatari ya kweli kwa imani: lilifundisha kwamba sala peke yake ndiyo imfukuzayo shetani, hata Ubatizo hautoshi. Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 ulililaani. Inafaa tulikumbuke tunapomwona mtu anayehama kutoka mkesha hadi mkesha huku watoto wake hawana ada ya shule, au mgonjwa anayeambiwa aache dawa kwa sababu anaombewa.

Mstari mmoja wa Zaburi

Mtakatifu Yohane Kasiano alikwenda jangwani Misri akiwa kijana, pamoja na rafiki yake Jermano, katika miaka ya mwisho ya karne ya nne. Walikaa Sketis, magharibi ya Delta ya mto Nili, mahali paitwapo leo Wadi El Natrun, ambapo hadi sasa zipo monasteri nne zenye wamonaki. Baadaye Kasiano alihamia Marseille, akaanzisha huko monasteri mbili, na akaandika mazungumzo 24 aliyokuwa nayo na mababa wa jangwani. Zungumzo la tisa na la kumi ni la Abba Isaka, na yote mawili yahusu sala.

Jermano alikuwa na malalamiko ambayo kila muungamishi ameyasikia. Alisema kwamba akili yake haitulii. Anaanza Zaburi moja, mawazo yanarukia nyingine. Anakusudia kuwa na Mungu, anajikuta kwingine kabisa, tena hajui alipitia njia gani. Aliomba apewe kitu cha kushika. Isaka akampa mstari mmoja tu, wa 2 wa Zaburi ya 70, ule unaomwita Mungu aje upesi kumsaidia na kumwokoa aombaye. Waamini wanaosali Liturujia ya Vipindi wanaujua, kwa sababu ndio unaofungua Masifu. Mtakatifu Benedikto, aliyeagiza maandishi ya Kasiano yasomwe katika monasteri zake, aliuweka mwanzoni mwa vipindi vya sala, na Kanisa limeendelea hivyo hadi leo.

Kwa nini mstari huo? Isaka anaeleza kwamba ndani yake mna kila kitu anachokihitaji mtu aliye vitani. Mna kilio cha aliye hatarini. Mna unyenyekevu wa kukiri kwamba peke yangu siwezi. Mna macho yaliyo wazi ya mlinzi aliyemwona adui, na mna tumaini la mtu anayejua kwamba anayemwita yu karibu. Kisha mzee anaupitisha mstari huo katika vishawishi kimoja kimoja, kwa ufundi wa mtu aliyevipitia mwenyewe. Ulafi ukinivuta kuvunja mfungo, nauita. Usingizi ukiniangusha juu ya kitabu, nauita. Usingizi huo huo ukinikimbia usiku kucha, nauita. Tamaa ya mwili, hasira, uchoyo, huzuni, kila kimoja kikija nakutana nacho kwa ombi lile lile. Na nikishinda, majivuno yananong'ona kwamba nimeshinda kwa nguvu zangu. Hapo nauita kuliko mahali pengine popote.

Jambo moja la Isaka tunalisahau sana. Anasema mstari huo ni wa siku za heri pia. Moyo unapojaa furaha ya Roho, mawazo yametulia na sala inatiririka, hapo nako mtu amwombe Mungu amsaidie, kwa maana aliyeokolewa katika shida anahitaji kulindwa katika raha. Sisi tunafanya kinyume. Mtoto akiugua, au kesi ikifika mahakamani, tunasali novena tatu mfululizo. Mambo yakinyooka, Rozari inarudi kuning'inia ukutani. Kishawishi kikija tena kinatukuta tumepoteza mazoea, na ulimi hauna neno la kusema.

Nalisema hili kwa kujishtaki mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya upadre niliamini kwamba nasali vya kutosha: Misa, Masifu, Rozari, vyote kwa wakati wake. Jumapili moja, nikitoka kigango cha tatu, nilipokea ujumbe wa simu wenye tuhuma isiyo ya kweli kutoka kwa mtu niliyemheshimu. Kitabu cha Masifu kilikuwa kwenye kiti pembeni yangu. Nilisimamisha gari kando ya barabara, nikaandika jibu kali, nikalituma. Jioni nikasali Masifu kwa utulivu kamili, kana kwamba hakuna kilichotokea. Upatanisho wetu ulichukua zaidi ya mwaka mmoja. Siku ile nilisali zaidi ya saa mbili. Zile dakika tano kando ya barabara, ambazo ndizo vita vilipokuwa, sikusali.

Sala na kishawishi kisichoondoka

Wapo wanaoacha kwa sababu wamesali na kishawishi hakikuondoka. Kijana anayepambana na ulevi, mume anayepambana na kumbukumbu ya usaliti, huja na kusema: Padre, nimeomba, sioni badiliko. Kwao nafaa kumtaja Abba Yohane Mfupi, naye pia wa Sketis. Alimwomba Mungu amwondolee vilema vyake, naye akapewa amani kubwa. Akaenda kwa mzee mmoja akamwambia kwamba sasa hana vita. Mzee hakumpongeza. Alimtuma arudi kumwomba Mungu amrudishie vita pamoja na unyenyekevu aliokuwa nao zamani, kwa kuwa roho hukua kwa kupigana. Vita viliporudi, Yohane hakuomba tena viondolewe. Aliomba nguvu ya kuvistahimili. Hivyo anayeita msaada mara hamsini kwa siku juu ya kishawishi kile kile asidhani kwamba sala yake imeshindwa. Mara hamsini amemgeukia Mungu badala ya kugeukia chupa.

Kuhusu mawazo yanayotangatanga, Katekisimu (na. 2729) ina ushauri wa busara: tusiyawinde. Anayeyakimbiza ameshanaswa. Inatosha kurudi moyoni, na kuangalia kwa unyenyekevu wazo hilo limetuonyesha tumefungamana na nini. Anayewaza mkopo kila anaposali amejua kitu anachopaswa kumkabidhi Bwana.

Mtakatifu Augustino, akimwandikia Proba, mjane tajiri aliyekimbilia Afrika baada ya Roma kutekwa mwaka 410, alimweleza kwamba ndugu wa Misri husali mara nyingi, kwa sala fupi sana zinazorushwa kama mishale, ili makini ya moyo isififie kwa urefu wa maneno. Ndiyo njia iliyo wazi kwa kila mwamini. Chagua sala moja fupi: mstari wa Zaburi, jina la Yesu, ombi la huruma la yule mtoza ushuru hekaluni. Isiwe hirizi, wala usiibadilishe kila wiki. Ifungamanishe na mambo unayoyafanya kila siku bila kukosa, kama kufungua mlango asubuhi, kuwasha moto wa jikoni, kuwasha pikipiki, kupokea simu, ili siku ya hasira au ya tamaa uikute tayari mdomoni. Malaika wa Bwana mchana na sala ya familia jioni vibaki mahali pake, kwa maana asiyetenga muda wowote wa sala hawezi kusali muda wote.

Na ukianguka, usingoje hadi ujione umestahili ndipo urudi. Anza tena jioni ile ile kwa ombi lile lile, kisha Jumamosi uje katika Kitubio.