Hiari na Amri: Uhuru wa Nyerere Handeni na Korogwe

Oktoba 1968 Julius Nyerere alitoa waraka wa Uhuru na Maendeleo. Hoja yake ilikuwa kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine, hujiendeleza wenyewe, na hakuna anayepaswa kuswagwa kuingia kijiji cha ujamaa. Kazi ya kiongozi ni kueleza, kushawishi na kuonyesha mfano. Wanakijiji wakiamua tofauti na alivyotaka yeye, uamuzi ni wao. Uhuru na maendeleo, alisema, vinategemeana kama kuku na yai. Anayetaka kumpima Mwalimu katika suala la utawala bora aanzie hapo, kisha aende mkoani Tanga.

Mzigua wa Handeni alikuwa na uhuru wake wa zamani: kujenga karibu na shamba na kuhama ardhi ikichoka. Katika wilaya inayoandamwa na ukame, kutawanyika huko kulikuwa na akili yake, kwa sababu mvua inayokosa huku huenda ikanyesha kule. Korogwe, kwenye reli ya Tanga, mambo yalikuwa mengine. Huko kulikuwa na mashamba ya mkonge na manamba waliotoka mbali, wakilala kambini na kuamshwa na mnyapara. Kwa manamba, uhuru ulikuwa kupata kipande cha ardhi kisicho na bwana. Bei ya mkonge ilipoporomoka baada ya 1964 na vibarua wakapunguzwa, kijiji cha ujamaa kwao kingeweza kuwa kimbilio. Kwa Mzigua mwenye shamba lake, kijiji hichohicho kilikuwa kumtoa alipo. Sera moja, watu wawili. Waraka wa 1968 uliwaachia wote wawili nafasi ya kukubali au kukataa.

Nafasi hiyo haikudumu. Mtafiti Michaela von Freyhold, aliyechapisha mwaka 1979 kitabu kuhusu vijiji vya ujamaa akitumia sana mifano ya mkoa wa Tanga, anaonyesha jinsi watumishi wa serikali walivyoshika hatamu za maamuzi ambayo yangekuwa ya wanakijiji. Novemba 1973 Nyerere mwenyewe akatangaza kwamba kuhamia vijijini sasa ni lazima, na kazi ikamilike kabla ya mwisho wa 1976. Serikali, alilalamika, imefuta kodi ya kichwa na ada ya shule za msingi, imeleta maji na zahanati. Mkulima amelipa nini? Ni hoja ya baba aliyechoka, na baba aliyechoka si mtawala mwema. Mwaka 1973 waliokuwa katika vijiji vya ujamaa nchini walikuwa takriban milioni 2. Kufikia 1977 wakaaji wa vijiji walikuwa milioni 13. Hiari haiendi kwa kasi hiyo.

Wengi husema watendaji wa chini ndio walioharibu, na kweli wapo waliozidisha. Lakini nani angewazuia? Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilikuwapo tangu 1962. Chama kimoja kiliwekwa kisheria 1965. Halmashauri za wilaya zilivunjwa 1972, na vyama vya ushirika vikafuata 1976. Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala, ulikemea viongozi wenye kiburi na dharau, maneno mazuri sana, ila mkulima wa Sindeni au Mkata hakuwa na baraza huru la kupeleka malalamiko yake. Mwalimu aliujua uhuru kuliko wengi wa rika lake. Hakujenga mlango ambao mnyonge angepitia kumkatalia yeye mwenyewe.

Kilichobaki ni mkutano mkuu wa kijiji, unaotambuliwa na Sheria ya Vijiji ya 1975 na baadaye sheria za serikali za mitaa za 1982. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaongeza uzito wake katika mambo ya ardhi. Swali la hiari limerudi tena: Juni 2022 familia za kwanza kutoka hifadhi ya Ngorongoro zilihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wamehama kwa hiari. Watetezi wa haki za binadamu wanapinga, na baadhi ya wenyeji wa Msomera wamelalamikia ardhi yao. Atakayeandika historia ya Msomera aombe kwanza kuona mihtasari ya mkutano wa kijiji.