Majimbi ya Uani

Ndugu zangu na watoto wa ndugu zangu,

Nimeombwa niandike habari za zamani katika kitabu chetu cha mwaka huu. Wenzangu wamekwishaandika habari za majahazi, za nyumba za mawe na za nasaba. Mimi nitaandika habari za majimbi yaliyomo katika madebe uani kwetu, hapa Ruwi. Msicheke, kwani ndani ya madebe yale imo sehemu ya tarikhi yetu ambayo haikuandikwa mahali pengine.

Kwanza tukijue kitu chenyewe. Mti huitwa myugwa, na jimbi ni kile kiazi chake cha chini. Kwetu Unguja mwezi wa Ramadhani haukutimia bila ya futari ya majimbi kwa tui la nazi. Lakini mti huu si wa Unguja kwa asili yake. Chimbuko lake ni Asia ya kusini na kusini-mashariki pamoja na visiwa vya huko. Mahali paitwapo Kuk, katika nyanda za juu za Papua New Guinea, wachimbuzi wamekuta masalio ya majimbi juu ya zana za mawe za kiasi cha miaka 10,000 iliyopita. Kutoka huko mkono wa binadamu uliyachukua mashariki mpaka Hawaii, na magharibi mpaka Afrika. Basi jimbi nalo ni msafiri, kama sisi.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jamaa zetu walitawanyika. Sultan Qaboos aliposhika utawala tarehe 23 Julai 1970, akawaita Waomani walioko nje warudi, wengi wetu tukaja huku. Sisi tulifika mwaka 1973, nami nilikuwa na miaka 12. Marehemu mama, Allah amrehemu, alikuwa na sanduku moja la bati. Ndani yake, katikati ya kanga, alitia mbegu nne za majimbi. Tatu zilioza njiani. Ile moja iliyobaki ndiyo mama wa majimbi yote mnayoyaona leo.

Ua wetu ulikuwa mdogo, hatua sita kwa nne, na wote umetiwa saruji. Mama alichukua madebe ya samli, akayatoboa chini, akatia udongo na samadi ya mbuzi, akayapanga chini ya ukuta karibu na bomba la kutawadhia, ili maji ya udhu yasipotee bure. Alijifunza kwa taabu kuwa jua la mchana la hapa huunguza majani, na kuwa mwezi wa Juni maji ya tangi huwa moto, hayafai kumwagiwa mti mpaka yapoe usiku. Mwaka wa pili majani yalisimama mapana kama miavuli, na kila aliyeingia aliyasifu kwa uzuri wake.

Sasa nifike penye aibu yangu. Katika miaka ile sisi tuliotoka Zanzibar tulikuwa na haya zetu. Kiarabu chetu kilikuwa na lafudhi, na chakula chetu kilikuwa kigeni. Nilipokwisha kuwa mwalimu, siku moja walimu wenzangu walikuja kunitembelea. Mmoja akauliza, “Miti gani hii?” Nikajibu upesi, “Ni maua tu, ya kupambia.” Mwenzetu mmoja alikuwa Mmisri, maana zamani zile walimu wengi hapa walikuwa Wamisri. Akainama, akashika jani, akacheka: “Maua gani! Hii ni qulqas. Kwetu tunaipika.” Nikanyamaza. Mama alikuwa nyuma ya dirisha la jikoni, na Kiarabu alikijua kuliko mimi.

Hakusema neno. Ramadhani ikaingia, siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi, na futari ya majimbi haikuonekana. Nikamwuliza. Akanijibu bila ya kuinua macho, “Maua hayaliwi, mwanangu.”

Neno lile lilinifundisha kuliko vitabu vyangu. Baadaye nilisoma kuwa Abdul-Latif al-Baghdadi, yule tabibu aliyefika Misri mwishoni mwa karne ya 12, aliieleza qulqas katika kitabu chake cha habari za nchi ile. Yaani kitu nilichokionea haya kilikuwa kimeandikwa na wanazuoni wa Kiarabu miaka mia nane kabla yangu.

Nilisoma pia habari za dalia, ua ambalo jamaa zetu walioko Uingereza huliona kila bustani. Asili yake ni Mexico, na wenyeji wa huko walikula viazi vyake. Mbegu zilifika Madrid mwaka 1789, na mwaka 1791 mtaalamu Cavanilles akaupa mti jina la Dahlia kwa heshima ya Anders Dahl wa Sweden. Wazungu wakalipenda ua, kiazi wakakiacha. Nikajiona mimi mwenyewe, maana nilitaka kufanya yale yale kwa jimbi la mama.

Kimbunga cha Gonu kilipotupiga Juni 2007, maji yaliingia uani mpaka magotini. Jasmini zilikufa na mrehani ukafa. Majimbi yalikaa majini siku mbili, yakatoa majani mapya, kwani mti huu huvumilia maji. Mama alikuwa hai bado, akayahesabu madebe kwa fimbo yake, akamshukuru Mungu.

Naandika haya kwa sababu moja. Mwaka juzi mjukuu wa dada yangu alinunua kitaluni mti wa majani makubwa, akadhani ni myugwa. Alichemsha kipande cha mzizi, akala. Koo lilimvimba, akalazwa usiku mmoja, alhamdulillahi alipona. Lawama si yake, ni yetu wazee tusiofundisha. Basi shikeni haya. Miti inayofanana na myugwa ni mingi, na mingine hailiwi kabisa. Msitegemee sura ya jani. Pandeni tu mbegu iliyotoka jikoni kwa mtu mnayemjua. Hata jimbi la kweli halionjwi bichi, kwani ndani yake mna vijisindano vidogo vya chumvi iitwayo oksaleti, navyo ndivyo viwashavyo. Lichemsheni mpaka lilainike kabisa. Mvune baada ya miezi minane au zaidi, majani yakianza kuwa manjano, kisha mrudishe kichwa na kipande cha shina udongoni.

Madebe yangu sasa ni kumi na moja. Kila nyumba ya ukoo huu, iwe Maskati, Dubai au London, ina haki ya mbegu moja. Atakayekuja aje na debe lake. Na mgeni akimwuliza ni mti gani, amjibu kuwa ni majimbi, na kuwa kwetu tunayala.

Wabillahi tawfiq.