Mbulu Ipi?

Juni 2023 kampuni ya OpenAI iliwapa watengenezaji wa programu njia rasmi ya kuikabidhi akili mnemba orodha ya vyombo vya kutumia, na hapo kazi moja ya zamani ya walimu ikarudi kwa sura mpya. Kazi yenyewe ni kumwandikia msomaji usiyemwona, asiyeweza kukuuliza swali, namna ya kutumia kitu ambacho hajawahi kukishika. Msomaji wa sasa, hata hivyo, si mtu. Ni programu iliyotumwa, wakala, ambaye husoma jina la chombo, sentensi chache za maelezo, na orodha ya vitu vya kujaza. Kisha huamua mwenyewe abishe mlango upi ili apate bei za mazao, habari za mvua, au alipe ankara. Mlango huo wataalamu huuita API. Kilicho nyuma yake wakala hakioni. Ana maneno yale tu.

Nchi yetu ilishapita njia inayofanana na hii. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vijitabu, na wengi wao walikuwa wametoka kwenye kisomo juzijuzi. Mwandishi wa kijitabu cha namna hiyo hana budi kusema shimo la choo liwe na kina gani na liwe umbali gani kutoka kisimani, kwa sababu neno “bora” halimwambii mtu achimbe wapi. Hata vyuoni tulimrudishia mwanachuo andalio la somo lililosema “wanafunzi waelewe sehemu”. Waelewe, halafu wafanye nini? Lakini kikundi cha 1973 kilikuwa na kiongozi, na pengo la maandishi lilizibwa kwa mazungumzo. Wakala hana wa kumwuliza. Aghalabu hukisia, tena kwa lugha ya adabu.

Chukua chombo kilichoandikwa hivi: “Huleta takwimu za Mbulu.” Mbulu ipi? Wilaya ya Mbulu ya enzi za ukoloni ilikuwa na Karatu, Babati na Hanang ndani yake. Baadaye Hanang ilikatwa kutoka Mbulu, mwaka 1985 Babati ikakatwa kutoka Hanang, na katika miaka ya 1990 Karatu nayo ikawa wilaya. Mkoa wa Manyara ulipozaliwa mwaka 2002, Karatu ilibaki Arusha. Siku hizi kuna Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu na Halmashauri ya Mji wa Mbulu, na ukimsikia mtu akitaja “Wambulu” huenda anawasema Wairaqw popote walipo. Anayelinganisha hesabu za miaka hiyo bila kuuliza mipaka ataona maelfu ya watu wametoweka, kumbe hakuna aliyehama wala kufa.

Maelezo yanayofaa yangesema: “Huleta idadi ya watu wa Wilaya ya Mbulu kwa mipaka ya mwaka uliotajwa. Hayahesabu Mji wa Mbulu. Kwa miaka ya kabla ya 2002 tafuta chini ya Mkoa wa Arusha.” Ni maneno mengi, na sioni haya kuyatetea. Sentensi inayosema chombo hakifanyi nini ndiyo waandishi wengi huiacha, nayo ndiyo inayookoa.

Vipimo navyo vina mambo yake. Gunia la vitunguu saumu likifungwa lumbesa si gunia lile linalotajwa na sheria, basi andika kilo. Saa mbili asubuhi ya Dongobesh ni saa nane kwa mashine. Tarehe ni mbaya zaidi. Maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliyoua zaidi ya watu 80 katika eneo la Katesh yalitokea tarehe 3/12/2023. Mmarekani akiisoma tarehe hiyo ataona Machi 12. Anayetaka kujua mvua ilinyesha kiasi gani kabla ya mlima kuachia, ili kijiji kingine kionywe mapema, ataletewa mvua ya Machi, na hakuna kitakachomshtua.

Kuna vyombo vinavyosoma tu, na kuna vinavyotenda. Vya pili vinanitia hofu. M-Pesa, iliyoanza hapa nchini mwaka 2008, humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla fedha hazijatumwa, na mtu akiona jina geni husita. Wakala hatasita kama hakuandikiwa. Kwa hiyo maelezo ya chombo cha malipo yaseme wazi kwamba fedha zikishatoka hazirudi zenyewe, kwamba jina na kiasi vionyeshwe kwanza na jibu la mwenye fedha lingojewe, na kwamba mtandao ukikatika katikati wakala aangalie kwanza kama malipo yalipita, kabla ya kutuma mara ya pili.