Mbia si mfadhili

Neno "ubia" lilipata cheo Tanzania mwaka 2010, ilipotungwa Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi. Lakini ni neno la mezani. Kula bia ni kula pamoja, kila mmoja kachangia chake. (Bia ya chupa haimo; hiyo tulimpokea Mwingereza.)

Siku hizi kampuni ikipeleka katoni za maji kwenye maafa, picha zikapigwa, taarifa husema "ubia". Huo ni msaada, tena tunashukuru, ila mtoaji anaweza kuondoka saa yoyote. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Novemba 16, 2024, waliokwama chini ya kifusi walipitishiwa maji na oksijeni. Saa kama hizo si za kuanza kuulizana kijiko kipo kwa nani, opereta analala wapi, dizeli analipa nani. Mbia anayajua hayo kabla ukuta haujapata ufa, na sahihi yake ipo.

Wahariri, pasipo makubaliano ya namna hiyo, tafadhali andikeni "msaada".