Umetiwa kasumba, na nani?

Mpeleke mtoto shule ya "English medium" hapa Sinza, halafu usubiri. Hutakosa mtu kijiweni wa kukwambia: "Wewe una kasumba!" Hapo hawazi dawa za kulevya kabisa. Ila fungua kamusi uone: kasumba ni afyuni. Kule Gujarat neno hilohilo, kasumbo, ni afyuni iliyolowekwa kwenye maji, kinywaji cha kumkaribishia mgeni.

Sasa, Waingereza wana kitenzi imbue, kumjaza mtu sifa au fikra fulani. Kilitoka kwenye Kilatini imbuere, kulowesha. Yaani wote tuliwaza kitu kinacholowa! Sisi kazi hiyo tumeipa "tia": tia moyo, tia hofu, tia adabu. Zama za Azimio la Arusha, 1967, "kasumba ya kikoloni" ikawa lawama ya majukwaani: umelewa fikra za mkoloni na hujijui.

Cheki sarufi lakini. "Umetiwa" ni kauli ya kutendwa, kwa hiyo yupo aliyetia. Waajiri wanaotaka Kiingereza kwenye usaili, kwa mfano. Hao kijiweni hawatajwi. Anayesemwa ni wewe uliyelipa ada.