Injini Mbili za Ziwa Nyasa

Ninyi mlio Mapera, na ninyi wa Mbinga mjini, na ninyi mnaokaa Liuli na Mbamba Bay, somo la leo ni lenu zaidi kuliko la wengine. Tutasoma habari za meli mbili, lakini hatutatazama milingoti wala bendera. Tutafungua injini tutazame ndani.

Kwanza tujue maneno manne. Andikeni: boila, silinda, pistoni, vali.

Mama zangu, mnajua sufuria inapochemka mfuniko hurukaruka. Mvuke ndio unaousukuma. Sasa fikirini pampu ya baiskeli. Ile bomba yake ni silinda, na kile kinachopanda na kushuka ndani yake ni pistoni. Kwenye pampu mkono wako unasukuma pistoni na hewa inatoka. Kwenye injini ya mvuke mambo ni kinyume: mvuke unatoka katika boila, unaingia katika silinda, unaisukuma pistoni, nayo pistoni inazungusha chuma kinachokwenda nje mpaka kwenye rafadha. Vali ni mlango mdogo unaoruhusu mvuke kuingia na kutoka kwa zamu. Ukiondoa vali, au mkono wa pistoni, una meli nzima isiyokwenda popote.

Jambo hilo lilitokea pwani yetu hii.

Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa na meli moja ya mvuke katika ziwa, jina lake Hermann von Wissmann. Bandari yake ilikuwa Liuli, ambayo wao waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya lile jabali lake lenye umbo la mnyama aliyelala. Nahodha wake alikuwa Bwana Berndt. Ng'ambo, upande wa Nyasaland, Waingereza walikuwa na meli Gwendolen, na nahodha wake Bwana Rhoades. Husimuliwa kwamba manahodha hawa wawili walikuwa marafiki wa kunywa pamoja.

Mwezi wa Agosti mwaka ule vita ilitangazwa Ulaya. Rhoades alipata habari mapema. Berndt, kama wanavyosimulia, hakuwa amepata. Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli ili itengenezwe, basi haikuweza hata kukimbia. Gwendolen ikaja, ikaipiga mzinga. Berndt akapiga makasia kwenda kumwuliza rafiki yake kama amelewa! Akashikwa mateka.

Sasa sikilizeni vizuri. Waingereza hawakuichoma meli siku ile. Walifungua injini, wakachukua vyuma vilivyo muhimu, wakaenda zao. Wanaume wachache wenye spana waliwapokonya Wajerumani ziwa zima. Maana kutoka siku ile Waingereza walipitisha askari na vyakula majini bila kuzuiwa, na Wajerumani wakabaki na njia za miguu tu. Njia za miguu maana yake ni wapagazi, na wapagazi ni babu zetu. Jambo hili vitabu vingi hulipita upesi, wakishacheka kisa cha walevi wawili.

Lakini chuma kilichotolewa fundi hodari aweza kukifua kingine. Waingereza wakaogopa kwamba Wissmann itatengenezwa ielee tena, basi Mei 1915 wakarudi Liuli na askari wakaiharibu zaidi. Baadaye wao wenyewe waliitengeneza, wakaipa jina la mfalme wao, George.

Meli ya pili ni Chauncy Maples, ya misheni ya UMCA iliyokuwa na makao Likoma. Iliitwa kwa jina la askofu aliyezama katika ziwa hili mwaka 1895. Iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa mito ya Zambezi na Shire. Boila yake haikuweza kufunguliwa. Ilikuwa na uzito wa tani 11. Basi ikawekwa juu ya magurudumu, na penye maporomoko ya Shire watu kama 450, Wangoni, wakaivuta kwa kamba. Walikwenda kama maili 3 kwa siku, na njia ilizidi maili 60. Chukueni kalamu mfanye hesabu: siku ngapi? Naam, si chini ya 20. Meli ikashushwa majini mwaka 1901.

Ilibeba wagonjwa, walimu na mizigo miaka mingi. Boila ile ilikula kuni bila kushiba, na kuni lazima zikatwe na kupangwa ufukoni kabla meli haijafika.

Mwaka 1967, chini ya serikali ya Malawi, mafundi waliitoa injini ya mvuke wakatia ya dizeli. Tofauti iko wapi? Katika dizeli moto hauwaki chini ya maji, unawaka ndani ya silinda yenyewe. Pistoni inabana hewa mpaka inakuwa ya moto sana. (Gusa pampu ya baiskeli ukishajaza gurudumu, utaona ina joto.) Kisha mafuta yanarushwa ndani, yanawaka, yanaisukuma pistoni. Hakuna boila, hakuna kuni. Ajabu ni kwamba Bwana Rudolf Diesel alikuwa amekwisha onyesha injini yake Ujerumani mwaka 1897, kabla Wangoni hawajashika kamba.

Pistoni bado ni pistoni, na vali bado ni vali. Lakini boila ile iliyovutwa na watu 450 haikuhitajika tena.

Kwa juma lijalo, ulizeni wazee walio karibu nanyi kama babu zao waliwahi kuchukuliwa upagazi. Andikeni mistari mitano, mje nayo darasani. Kwaherini.