Kodi inapobadilishwa: mstaafu na mwenyi kabineti waangalie nini?

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tisa, habari ya kodi mpya inaanza kuzunguka sokoni, kwenye taksi-moto na hata mbele ya kanisa. Wazee wa pensheni wanaogopa kukatwa. Wenyi kabineti na biro za huduma wanajiuliza kama wapandishe bei. Hizi hapa alama za kufuata mbele ya kutia mkono mfukoni.

Projeti si sheria

Katiba ya 2006, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu. Inasema vilevile kwamba msamaha wa kodi nao unatoka kwa sheria tu. Ni kusema, mtu anayekuomba malipo juu ya projeti ingali Bungeni hana haki. Lakini pia kiongozi anayeahidi kwa mdomo kwamba wazee hawatalipa tena, maneno yake hayatakulinda mbele ya ajenti wa kodi.

Njia ya bajeti inajulikana. Serikali inaweka projeti mezani kwa Bunge la taifa, mwisho tarehe 15 Septemba. Kikao kinachofunguliwa siku ile kinamalizika tarehe 15 Desemba. Bunge linapiga kura, Senati nayo inapiga kura, Rais anatia sahihi, kisha sheria inachapwa katika Gazeti rasmi. Kama sheria yenyewe haitaji tarehe ya kuanza, inaanza siku 30 kisha kuchapwa.

Nini kinabadilika?

Kodi ya mapato hapa Congo ilijengwa juu ya ordonansi-sheria ya tarehe 10 Februari 1969. Ile iligawanya kodi mara tatu: mapato ya nyumba za kupangisha, mapato ya mitaji, na mapato ya kazi. Mageuzi ya Kinshasa yanaleta mfumo mwingine: IS kwa makampuni na IRPP kwa watu. Avoka ao mhasibu anayefanya kazi peke yake anapaswa kusoma upande wa watu. Kabineti iliyoandikishwa kama kampuni inasoma upande wa IS.

Mstaafu

Kwanza tusichanganye kodi na michango ya CNSS. Wakati mtu yuko kazini, mchango unahesabiwa 18% ya mshahara: 13% kwa mwajiri, 5% kwa mfanyakazi. Ule si kodi. Haki yake ya pensheni inatoka kwa sheria ya usalama wa jamii ya 2016, si kwa sheria ya bajeti.

Swali la kuuliza mbele ya kila maandiko mapya ni hili: pensheni imeandikwa kwenye orodha ya mapato yanayokatwa kodi, ao kwenye orodha ya yale yasiyokatwa? Mtu asome kifungu chenyewe, asitosheke na kusikia.

Halafu kuna nyumba. Wazee wengi walijenga chumba kimoja ao viwili vya kupangisha juu pensheni haitoshi. Kodi ya mapato ya nyumba ni mambo ya jimbo, kufuatana na kifungu cha 204 cha Katiba. Kiwango kilichojulikana kwa miaka mingi ni 22%: mpangaji anakata 20% na kuilipa kwa jina la mwenye nyumba, mwenye nyumba anamalizia 2%. Basi kwa habari hiyo mzee asiangalie Kinshasa peke yake. Aulize pia edi ya Bunge la jimbo lake. Na mpangaji akikata, mzee adai kopi ya hati ya malipo. Bila ile karatasi, anaweza kulipishwa mara mbili.

Mwenyi kabineti

TVA ilianza tarehe 1 Januari 2012, kwa 16%. Tuseme mhasibu anaomba dola 100 kwa kazi yake. Fakture inakuwa dola 116. Zile dola 16 si zake, ni za Leta. Anatoa ndani TVA aliyolipa mwenyewe kwa manunuzi ya kazi, kisha anapeleka kinachobaki DGI, mwisho tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Akizitumia kulipa nyumba ya biro, ameingia deni na Leta.

Kampuni inayolipa ile fakture, kama nayo iko kwenye TVA, inaweza kutoa zile 16 kwa hesabu yake. Mzee wa pensheni aliyekuja kutengenezewa karatasi za kiwanja hana pa kuzitoa. Kwake ni dola 116 kamili. Ndiyo sababu kodi inayowekwa kwa huduma inaweza kumfikia mstaafu hata kama pensheni yake haikuguswa.

Kwa biashara ndogo, sheria ya 2013 iliweka njia nyepesi: mapato ya mwaka kati ya milioni 10 na milioni 80 za franka, wauzaji wa vitu walipe 1%, watoaji wa huduma 2%.

Ajenti akifika

Uliza mambo matatu: sheria gani na ya tarehe gani, ni ya taifa ao ya jimbo, malipo yanaingia konti gani. Omba noti iliyoandikwa, lipa kwa konti ya Leta, chunga kitibitisho. Ajenti wa kweli hawezi kukasirika juu ya maswali hayo.